Mafuta Yaliyokataa Kostiki

Dalali alifika na madumu matatu ya lita ishirini ishirini, yamefungwa kamba nyuma ya bodaboda, na hakuyateremsha mpaka alipohakikisha mwenye nyumba yumo. Alimkuta uani anapanga miche ya sabuni juu ya ubao ikauke. Nyumba yenyewe iko Mwanza, Igogo ya mlimani, kule ambako mtu hajengi kabla hajapatana na mawe. Ukisimama uani unaliona ziwa, na chini yako reli na mabati ya viwanda vya samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umebeba nini?"

"Mafuta. Masafi haswa. Hebu nusa."

Akanusa. Hayakuwa na harufu. Akamimina kidogo kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba: mepesi, yanateleza, rangi yake karibu na maji. Akauliza ni mafuta ya nini, alizeti, pamba au mise, yale ya kokwa za mchikichi. Kijana akacheka.

"Mama, mafuta ni mafuta. Haya ya kiwandani, yamechujwa mpaka basi. Nakupa kwa theluthi mbili ya bei ya mise, na sina muda wa kuzunguka nayo mjini."

Kisa hiki nimekitunga. Mwanamke huyu hayupo, wala dalali wake, wala jirani atakayeingia baadaye. Lakini makosa yaliyomo hutokea, na kemia iliyomo haibagui mtu wa hadithini na mtu wa mtaani.

Msabuni wetu hakuwa mtu wa kubahatisha. Sabuni za mche alizitengeneza kwa mawese ya Kigoma, na mise akipata. Zamani alijaribu mafuta ya sangara yanayoyeyushwa na akina mama pale chini, ila sabuni ilitoka laini na harufu yake ikamfukuzia wateja. Alikuwa na mizani, alikuwa na glavu, na alikuwa na daftari la mafunzo ya wajasiriamali lenye jedwali dogo alilolilinda kuliko kitambulisho: kilo moja ya mawese, gramu 141 za kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu; mafuta ya pamba, 139; mise, 176; nazi, 183. Jedwali la namna hiyo si ushirikina. Mise na nazi zina asidi za mafuta zilizo fupi, kwa hiyo kilo moja hubeba molekuli nyingi zaidi, na kila molekuli inadai fungu lake la kostiki. Ukipunja, sabuni inabaki na mafuta. Ukizidisha, inakula ngozi.

Katika jedwali lile hapakuwa na mstari wa mafuta ya dalali. Akafanya ambalo wengi wangefanya: akachukua kilo sita za mawese, akaongeza kilo nne za mafuta mapya, akahesabu zote kumi kama mawese. Gramu 1,410 za kostiki. Akaimimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki, kwenye ndoo ya plastiki maana sufuria ya alumini ingechemka yenyewe na kutoboka. Ndoo ikapata moto, mvuke ukamkaba koo, akageuza uso pembeni. Ilipopoa kiasi akaichanganya na mafuta, akaanza kukoroga.

Mchanganyiko ulichelewa kushika. Kwa kawaida, akikoroga, unafika wakati mwiko unaacha mstari juu ya rojo na mstari haufutiki upesi, ndipo anapomimina kwenye fremu za mbao. Siku hiyo mstari ulikuja kwa shida, ukafutika, ukarudi. Akamimina hivyo hivyo. Asubuhi sabuni ilikuwa imeganda, lakini juu yake imetoa jasho la mafuta, na alipokata mche wa kwanza akakuta vishimo vidogo ndani, vina maji.

Hapa ndipo ninapomwonea huruma kuliko popote. Mafuta yanayoelea juu ya sabuni, kwa kila fundi aliyezoea mawese, yana maana moja tu: kostiki haikutosha. Dalili ilikuwa ya ugonjwa anaoujua, akatoa dawa anayoijua. Akaikatakata sabuni yote, akairudisha jikoni na maji kidogo, akaiyeyusha, akaongeza gramu 300 za kostiki. Ikaganda ngumu zaidi. Jasho likabaki pale pale. Akaifuta kwa kitambaa, akaiweka sokoni.

Wiki haikuisha kabla ya malalamiko kupanda mlima. Binti wa kwanza alikuja na vidole vimechubuka kwenye maungio. Mwingine alifulia nguo za mtoto, mtoto akatoka vipele shingoni. Mama mmoja mtu mzima, mteja wa tangu mwanzo, alimwekea mche mezani na kumwambia bila kupandisha sauti, "Mayo, hii sabuni yako leo inauma." Akarudisha hela zao zote, hakubishana. Jioni akagusa mche kwa ncha ya ulimi, kama mafundi wengi wanavyofanya, akautema kabla haujatulia.

Kilichotokea ndani ya ndoo kinaeleweka vizuri, na hesabu yake haihitaji zaidi ya penseli. Mawese, mise, pamba, alizeti, samli, shahamu ya ng'ombe, mafuta ya sangara: yote hayo kwa sehemu kubwa sana ni trigliseridi, yaani gliseroli moja iliyoshikwa na asidi tatu za mafuta. Panaposhikana asidi na gliseroli pana kiungo kinachoitwa esta. Kostiki inakata hapo. Kila esta ikikatwa, asidi ya mafuta inachukua sodiamu na kuwa sabuni, na gliseroli inabaki huru. Viungo vitatu, kostiki tatu. Ndiyo maana jedwali lina namba: namba ile ni idadi ya viungo vya kukatwa katika kilo moja.

Mafuta ya dalali hayakuwa na kiungo hata kimoja cha kukatwa. Yalikuwa ya madini, yaliyotoka kwenye petroli ghafi, minyororo ya kaboni na haidrojeni tu, hayana oksijeni ya kujengea esta. Ungeweza kuyachemsha na kostiki kuanzia Idi mpaka Krismasi, yangetoka kama yalivyoingia. Basi katika zile kilo kumi, sita tu ndizo zilizohitaji kostiki, gramu 846. Zilizobaki 564 hazikuwa na kazi, zikajificha kwenye vile vishimo vya maji. Aliporudia kwa gramu 300 zaidi, akafikisha gramu 864 za kostiki tupu zinazozunguka kwenye sabuni zikisubiri mkono wa mtu. Jasho la juu na mwasho wa ndani vilikuwa habari moja. Yeye alisoma nusu yake.

Habari hii wanakemia waliisoma mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa 1786 na kuishi miaka 102, alitumia sehemu kubwa ya ujana wake kuchunguza sabuni. Kabla yake wengi walifikiri sabuni ni mafuta na alkali vilivyoungana tu, kila kimoja kikiwa kizima ndani yake. Chevreul akaonyesha kwamba mafuta yanavunjika kwanza, yanatoa asidi na kile kitu kitamu tunachokiita gliseroli, na kitabu chake kikubwa juu ya hayo kilitoka 1823. Ila kabla ya kitabu alikwisha kukutana na kitu kilichomgomea. Katika mawe yanayotolewa kwenye nyongo za wagonjwa kuna dutu nyeupe yenye mng'ao, inayeyuka kama nta, inateleza kama shahamu. Akaichemsha na alkali. Haikugeuka sabuni. Kwa ugomvi huo tu akajua si shahamu, na mwaka 1816 akaipa jina lake, kolesterini. Leo ni kolesteroli, ile tunayosomewa hospitali tukipima damu.

Tangu hapo lipidi zimegawanywa mafungu mawili kwa swali hilo hilo la jikoni: je, inavunjika kwenye alkali au haivunjiki? Fungu la kwanza ni lile la mafuta ya kupikia, pamoja na fosfolipidi zinazojenga tando za seli zetu, na nta za wanyama na mimea. Fungu la pili ni kolesteroli na ndugu zake steroidi, vitamini A, D, E na K, na karotenoidi zinazoyapa mawese wekundu wake. Sabuni ya mawese mabichi hubaki na umanjano kwa sababu hiyo: mafuta yamekwisha kuwa sabuni, rangi imekataa. Na mafungu haya hayakai kila moja kwenye chupa yake. Karibu kila mafuta ya asili yana chembe za fungu la pili ndani ya la kwanza. Kwa mawese au pamba ni kidogo, karibu asilimia moja au chini yake. Siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda ina asilimia kadhaa, na fundi asiyejua hilo akiihesabu kama mawese ataitia kostiki nyingi mno. Nta ya nyuki wa Tabora ni mfano mzuri zaidi, kwani takriban nusu yake inageuka na nusu haigeuki. Pwani kuna sifa, mafuta ya maini ya papa ambayo mabaharia walipaka majahazi yao; na katika baadhi ya papa wa vilindi, sehemu kubwa ya mafuta hayo ya ini ni skwaleni, dutu ambayo Mjapani Mitsumaru Tsujimoto aliitenga 1906 kwa kuyasabunisha mafuta ya papa na kuangalia kilichobaki.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ya kinachofuata, na kinachofuata ndicho kilichonifanya nitunge kisa hiki. Kosa la ndoo linasameheka. Msabuni alipotema ule mche alikuwa bado na sehemu kubwa ya mafuta yale. Akafanya jaribio lake mwenyewe, na lilikuwa jaribio zuri: akachukua yale mafuta peke yake, bila mawese, akayatia kostiki kwenye kopo, akakoroga mpaka mkono ukachoka. Maji chini, mafuta juu, kila mtu kwake. Akaacha usiku kucha. Asubuhi, vile vile. Alikuwa amepata jibu ambalo maabara ingempa: hiki si kitu kimoja na mawese.

Akalitumia jibu hilo kuokoa hela yake.

Jirani yake wa chini kidogo alikuwa na meza ya samaki wa kukaanga, sangara vipande na sato wadogo, jioni jioni, pale wanaposhuka watu wa viwandani. Bei ya mafuta ya kula ilikuwa imemchosha. Msabuni akamshukia.

"Jirani, nina mafuta yamenishinda."

"Yamekushinda vipi?"

"Hayakubali sabuni. Ila ni masafi, tazama. Wewe si wa sabuni, wewe ni wa karai."

"Yasiyokubali sabuni ndiyo mafuta gani?"

"Mafuta ni mafuta, mdogo wangu."

Maneno ya dalali, yametoka kinywani mwake bila kupunguzwa hata herufi. Jirani akayachukua kwa nusu bei, akayachanganya na mafuta yake ya alizeti, akaanza kazi. Siku za kwanza alifurahi: karai halikutoa povu, mafuta hayakuwa meusi upesi. Kilichomkera ni moshi mwembamba uliomwingia machoni hata kabla samaki hajaingia, na wateja waliosema samaki wake siku hizi "hashiki mdomoni, anateleza". Halafu wateja wakaanza kuadimika. Fundi mmoja wa pikipiki alimwambia mbele ya watu kwamba alikula kwake jana na usiku amelala chooni.

Tumbo lina kostiki yake, ukipenda kuiita hivyo. Kongosho linatoa kimeng'enya kinachokata esta zile zile, kwa upole na kwa joto la mwili, na ndipo mafuta ya chakula yanaweza kuingia mwilini. Mafuta ya madini yanapita pale bila kukatwa, yanafika mwisho wa safari kama yalivyo, yanalainisha njia. Mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa kiwango cha dawa yamekuwa yakitumika miaka mingi kwa watu waliofunga choo, kwa kipimo, na hata hayo daktari hapendi yatumike muda mrefu kwa sababu yanayeyusha vitamini A, D, E na K na kutoka nazo. Yale ya kwenye dumu hakuna aliyeyasafisha kwa kiwango chochote cha kuliwa.

Karai lilishika moto Ijumaa. Mafuta mepesi ya madini, yale ya transfoma kwa mfano, hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia kama nyuzi joto 140, ilhali samaki hukaangwa kwenye nyuzi 170 au 180. Mafuta ya kula hayafanyi hivyo mpaka yapite nyuzi 300. Mwali uliruka, ukachukua ncha ya kanga na nywele za mkono wake wa kulia. Bahati ilikuwa kijana aliyemwaga mchanga badala ya maji. Angemwaga maji, mafuta yanayowaka yangetapakaa juu ya wote waliosimama pale.

Aliyelijua tatizo kwa jina alikuwa mwalimu wa kemia, mpangaji wa nyumba ya pili, aliyekuja kununua samaki akakuta meza imepinduliwa. Aliomba mafuta kidogo kutoka kwenye dumu, na kidogo ya mise kutoka kwa msabuni. Kesho yake akarudi na chupa mbili za kioo, spiriti, na hidroksidi ya potasiamu, ndugu wa kostiki. Aliiyeyusha kwenye spiriti kwa sababu maji na mafuta hayakutani, na spiriti inawakutanisha. Katika kila chupa akatia matone ya mafuta, akaziweka kwenye beseni la maji ya moto, jiko limezimwa na liko mbali maana mvuke wa spiriti nao unawaka. Akazitikisa, akasubiri. Zote mbili zikawa angavu, na msabuni akasema kwa matumaini, "Si umeona, ziko sawa."

Mwalimu akamimina maji ya uvuguvugu. Chupa ya mise ikabaki angavu. Sabuni na gliseroli zote zinakubali maji. Chupa ya dumu ikageuka nyeupe papo hapo, kisha taratibu yakajikusanya juu yake matone ya mafuta.

Ni kipimo cha zamani, kinaitwa kipimo cha Holde, na wakaguzi wa vyakula wamekitumia kunasa mafuta ya madini yaliyochanganywa kwenye mafuta ya kula. Mwalimu hakuacha wakipende kupita kiasi. Aliwaambia kwamba ukiweka sifa ya papa wa vilindini itageuka nyeupe vile vile, na si kwa sababu mtu amekudanganya. Akawaambia pia kwamba ile chupa haiwezi kusema mafuta haya yametoka kwenye transfoma, kwenye mashine, au kwenye ghala la nani. Inajibu swali moja: kuna esta za kukatwa au hakuna. Kwa mengine, sampuli ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza.

Alikuwa na haki ya kutaja transfoma. Mwishoni mwa 2014 Al Jazeera iliripoti kutoka Kenya kwamba wezi wanamwaga mafuta ya transfoma za umeme na kuyauza kwa wakaanga vyakula wa barabarani. Yanapendwa kwa sababu hayachakai haraka. Tanzania nako TANESCO imelalamika mara nyingi juu ya wizi huo huo, na mtaa unaolala gizani wiki nzima unaweza kuwa umelala giza kwa ajili ya karai la chipsi. Transfoma za zamani zina hatari nyingine juu ya hiyo. Baadhi zilijazwa PCB, kemikali za klorini ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliziweka kwenye orodha ya sumu za kuondolewa duniani, na vifaa vyenye kemikali hizo vikapewa mpaka 2025 kuondolewa kazini. Hizo nazo kostiki ya ndoo haiziwezi.

Halafu akawaeleza ya Moroko, na hapo hata watoto waliokuja kuchungulia wakanyamaza. Mwaka 1959, katika mji wa Meknes na jirani zake, wafanyabiashara walichanganya mafuta ya kula na mafuta ya injini za ndege za kijeshi yaliyouzwa kama mabaki kutoka kambi ya Wamarekani. Watu wapatao 10,000 walipooza miguu na mikono. Kilichowapooza kilikuwa fosfati ya trikresili, iliyotiwa kwenye mafuta yale ili kulinda injini. Na fosfati hiyo, ukitazama umbile lake, ni esta. Kwenye kostiki inavunjika.

"Kwa hiyo sumu ndiyo iliyokubali?" msabuni akauliza.

"Sumu ilikubali, mama. Na vitamini ya macho inakataa. Kostiki haionji sumu. Inatafuta kiungo tu."

Hilo swali la msabuni naliona ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki. Mgawanyo wa kukubali na kukataa kostiki ni mgawanyo wa maumbile. Haujasema kipi kizuri na kipi kibaya, na anayeulazimisha useme hivyo atalisha watu nta na kuwakataza karoti. Nta yenyewe inakatwa na kostiki, ila matumbo yetu yanashindwa nayo. Kolesteroli inaigomea kostiki lakini tumboni inapokelewa. Faida ya kipimo kwa mtu wa Igogo ni nyembamba na ni kubwa: muuzaji akisema haya ni mise, au pamba, au alizeti, basi yana wajibu wa kugeuka sabuni karibu yote. Yasipogeuka, muuzaji amesema uongo. Msabuni alikuwa ameushika uongo huo mkononi, kwenye kopo lake, wiki mbili kabla ya moto.

Shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Dalali alipigiwa simu mbele ya watu, namba haipatikani. Ikapigwa tena, haipatikani. Hakuna aliyejua anapoishi; kila mtu alikuwa anamfahamu kwa pikipiki yake. Msabuni akajitetea kwamba yeye naye aliibiwa, kwamba hakuna mtu aliyemwambia mafuta yale hayaliwi, na kwamba alichojua ni kuwa hayafai sabuni, akasema wazi hayafai sabuni. Kila neno lilikuwa la kweli.

Mkaanga samaki aliomba ruhusa ya kuongea, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Mwenyekiti, mimi sina kostiki. Sina mizani, sina daftari. Mimi nina macho na pua, na hayo mafuta yalinishinda kwa macho na kwa pua. Dada yangu huyu alikuwa na cha kuyapimia. Akapima. Akaona. Akaniletea mimi."

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Aliamuru madumu yote, yenye kitu na matupu, yaletwe ofisini kwake na yafungiwe mpaka polisi na watu wa Mkemia Mkuu wayachukue. Na mtu yeyote asithubutu kuyamwaga mtaroni, maana mtaro wa Igogo unashuka ziwani, na ziwani ndiko wanakochota. Msabuni alipe hela ya mafuta, gharama ya zahanati, kanga moja, na siku zote ambazo meza haikufunguliwa. Akasema hela yote kwa mkupuo hana, hela alizowarudishia wateja zimemmaliza. Akaomba alipe nusu kwa sabuni.

Watu wakacheka. Mkaanga samaki hakucheka. Alifikiri kidogo, kwa kuwa sabuni anaihitaji kila siku na masufuria yake yana mafuta kuliko ya mtu yeyote mtaani. Akakubali kwa sharti moja, nalo likaandikwa kwenye karatasi ya mwenyekiti na kupigwa muhuri: kila mche ukatwe mbele yake, na kabla haujamfikia mkononi, mwenye sabuni auguse kwanza kwa ulimi wake.